Mswaki wa Nne

Jumapili, 18 Agosti 2013. Durban, jioni.

Upepo wa Agosti umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wenye mchanga, na dirisha la chumba chetu hapa mtaa wa Point linagonga bila kuchoka. Nina mafua. Nina hasira. Suti niliyoazima bado iko mwilini, maana nikiivua nitakuwa nimekubali kwamba siku imekwisha kweli.

Leo nimepokea barua ya posa ya mwanamke wangu mwenyewe.

Nimeipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikasema asante, na kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wao alinikumbatia akaniambia Mungu atanipa na mimi wa kwangu.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira nitajipendelea.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza (blogu inanionyesha mko kumi na mmoja, na watatu kati yenu ni mimi nikifungua kwenye simu za wateja), mimi ni fundi simu. Naitwa Désiré. Meza yangu iko ndani ya saluni moja mjini, karibu na mlango. Ndani zaidi, kwenye kiti cha tatu, anasuka Mama Aline. Ni mjane kutoka Uvira, mji wetu sote wawili. Ana binti, Aline, wa miaka kumi na mmoja, na mtoto wa kiume, Bahati, wa miaka sita. Mimi na yeye tumekuwa pamoja miaka miwili. Nasema "pamoja" kwa sababu neno lenye heshima kuliko hilo sikulitafuta.

Chumba chake kiko Overport, ndani ya fleti ambayo familia tatu zimegawana kwa mbao na mapazia. Kodi halipi yeye. Inalipwa na ofisi moja ya kusaidia wakimbizi, kwa wanawake wanaolea watoto peke yao, na kila baada ya miezi michache wanakuja kuangalia kama bado yuko peke yake. Sharti liko kwenye barua yao kwa herufi nzito: mwanaume mwenye kazi akilala hapo, msaada unakatwa na jina linafutwa.

Ila hawakuandika alale mara ngapi. Kwenye foleni ya ofisi ile kina mama wanabishana juu ya jambo hilo kuliko mawakili. Wengine wanasema mara moja kwa wiki haihesabiki. Wengine wanasema hesabu inaanza nguo zake zikionekana kwenye kamba. Kuna Mrundi mmoja mwenye sauti kubwa aliyetoa hukumu kwamba mwanaume hajalala mahali mpaka anywe chai ya asubuhi hapo. Hukumu hiyo ndiyo tuliyoichagua. Nilikuwa nalala Alhamisi, Jumamosi na Jumapili, na asubuhi nilikuwa naondoka na njaa yangu.

Mama Aline aliniambia mara tatu, kwa miezi tofauti, nimpigie simu baba yake mdogo kule Uvira, nipeleke barua, tumalize. Mara zote tatu nilimjibu kwa busara. Tukioana kodi itakatwa. Watoto watalala wapi? Tungoje kidogo, mama, mambo yakae sawa.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri.

Ukweli wenyewe ni huu. Kodi ile ilikuwa inanifaa mimi. Kitanda changu hapa Point nachangia na mlinzi wa usiku, yeye mchana mimi usiku, kwa hiyo nalipa nusu. Nilikuwa nakula kwa Mama Aline, nalala kwa Mama Aline, na akiba yangu nikanunua mashine ya kubandulia vioo vya simu. Mashine nzuri sana. Yeye alikuwa anaiona kila siku kutoka kiti cha tatu, huku akisuka vichwa vya watu amesimama tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuwahi kusema neno juu ya mashine ile. Nilidhani hajafikiria.

Sasa siku ya kikombe.

Ilikuwa Aprili, Jumatatu, asubuhi mapema. Watu wa ofisi walizoea kuja Jumatano baada ya chakula cha mchana, na kila Jumanne jioni mimi na Mama Aline tulikuwa tunasafisha chumba hata alama yangu isibaki. Siku hiyo, kwa sababu zao, walikuja Jumatatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo kidogo dirishani, na fulana, povu la kunyolea likiwa nusu ya uso. Kulikuwa na nafasi ya Mama Aline kusukuma viatu na mkanda wangu chini ya kitanda kwa mguu. Mimi mwenyewe sikuingia chini ya kitanda.

Aliingia MaNgcobo, mfanyakazi wa ofisi, mama wa Kizulu mrefu, mpole, mwenye faili kwapani. Nyuma yake Shemasi Elia. Huyu Shemasi ni wa kanisa letu, Mkongomani, na anawatafsiria watu wa ofisi hiyo kwa kujitolea. Alifiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Ana duka la viti na makochi ya mitumba, na nyumba ya kupanga Cato Manor, yenye mlango wake na bomba lake. Anavaa viatu vya kupigwa rangi hata siku ya kazi.

MaNgcobo aliuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Kiingereza nakielewa. Kabla Shemasi hajafungua mdomo, Mama Aline alishajibu.

"Ni kaka yangu."

Jibu hilo nilimfundisha mimi. Tulilitayarisha miezi mingi kabla, siku moja ya mvua, tukila ndizi za kuchoma, tukicheka mpaka watoto wakatuuliza kuna nini.

Shemasi alinitazama. Kisha akatazama dirishani, pale kwenye kikombe cha plastiki cha rangi ya bluu. Ndani ya kikombe kulikuwa na miswaki minne. Nilimwona akiihesabu, na mimi nikaihesabu pamoja naye. Midogo miwili, mikubwa miwili. Halafu akamgeukia MaNgcobo akamtafsiria kwamba huyu ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja.

Mama Aline hakusema baba mmoja mama mmoja. Aliyaongeza Shemasi mwenyewe. Nilimshukuru moyoni, nikadhani ni huruma ya Kikristo.

MaNgcobo aliuliza kama nalala hapo. Mama Aline alisema hapana, Point maji yamekatika, kaka amepita kunyoa tu. MaNgcobo akasema eish, hata kwao yamekatika. Akaandika kwenye faili, akatutakia siku njema, wakaondoka. Tulicheka tena, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miezi minne bila kukatika. Mpaka siku ile watu walituona ni wa mji mmoja tu; kwa kuwa Shemasi ni wa kanisa, ilibidi niwe kaka kanisani. Kwa kuwa kina mama wa saluni ni wa kanisa, ilibidi niwe kaka na saluni. Nilipunguza kulala, nikabaki na Jumamosi. Watu walianza kunisifu kwa jinsi ninavyomtunza dada yangu, na sifa nilizipokea.

Tatizo lilikuwa Bahati.

Tangu Krismasi alikuwa ananiita papa. Hakuna aliyemwambia. Alianza tu siku moja akitaka nimfunge kamba za viatu, na mimi nilijifanya sikusikia, ingawa siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Overport mpaka mjini kwa furaha, nikapishana na taxi zote zikinipigia honi. Baada ya siku ya kikombe ilibidi aache. Nilimfundisha kwa biskuti. Akisema mjomba, biskuti. Akisema papa, hakuna. Anajifunza haraka yule mtoto.

Mara moja tu alikosea. Tulikuwa kwenye ngazi za fleti, jirani akipita na ndoo, na Bahati akaita kwa sauti, "Papa, ningoje!" Nilimfinya sikio. Si kwa utani. Nilimfinya mpaka nikaona macho yake yanajaa, na jirani alipopotea tu mtoto akasema taratibu, "Mjomba." Halafu akanyoosha kiganja apewe biskuti yake.

Nilimsimulia Mama Aline usiku huo kama kichekesho. Hakucheka. Alizima taa.

Nilipaswa kujua kuanzia hapo.

Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, Mzee Sylvestre, mzee wa kanisa mwenye ndevu nyeupe, alinishika mkono akaniambia watakuja kuniona Overport Jumapili ya tarehe kumi na nane, kama mkubwa wa nyumba. Nilidhani ni mchango wa paa la kanisa. Nilimwambia Mama Aline. Alisema, "Watakaribishwa. Uvae suti." Sikujiuliza tangu lini mchango wa paa unavaliwa suti.

Leo walikuja sita, na kreti ya Fanta. Viti tulikuwa tumeazima kwa majirani. Mimi niliketi kitandani, upande wa ukutani, upande wangu, uliofunikwa kitambaa cheupe cha maua ambacho sijawahi kukiona. Shemasi Elia aliketi kwenye kiti cha nyuma kabisa, ametulia, mikono magotini. Nilianza kuelewa nilipomwona hasemi. Kwa desturi yetu mwenye posa ndiye asiyesema.

Mzee Sylvestre alikohoa.

"Bon, mkubwa wa nyumba. Siye tuko wapita njia. Tulipita hapa Overport, tukaona ua moja ndani ya bustani yenu. Ile ua iko muzuri sana. Tunauliza, iko na mwenyewe?"

Wote walinigeukia. Nilijua ninachotakiwa kufanya, nimehudhuria posa nyingi. Kaka anatakiwa aringe, ajifanye haelewi, aulize ua gani, apandishe bei ya maneno. Nilisema, "Mzee, mbona hapa hakuna bustani. Kuna zege tu."

Walicheka sana. Walidhani naringa vizuri.

Walizunguka na ua lao wee, mpaka mama mmoja kati yao, mwenye kilemba kirefu, akasema ni vizuri quand même kumpigia simu baba mdogo kule Uvira asikie kwa masikio yake. Alishatoa simu. Baba mdogo angeuliza swali moja tu, kaka gani, na yote yangeishia hapo, kwa sababu marehemu baba yake Mama Aline alimwacha binti huyu mmoja tu, bila kaka.

"Leo mtandao wa Congo ni mbaya," nikasema.

Wakanitazama. Mimi, fundi simu.

Ndipo Shemasi akavunja desturi. Alisema kutoka kule nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Muache simu. Kaka iko hapa. Baba moja, mama moja. Inatosha." Akanitabasamia, na macho yake yakapita dirishani. Leo kikombe hakikuwepo. Kumbe tangu Aprili alikuwa ananijengea ukuta, na mimi namshukuru.

Niliomba kuzungumza naye nje. Tulisimama kwenye korido, penye harufu ya mafuta ya majirani. Nilikuwa na maneno mengi, likatoka moja.

"Ninaomba muda."

"Muda wa nini, shemeji?"

Shemeji. Neno lilitoka kwake laini, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kaka anaweza kukataa," akaendelea. "Iko haki yake. Lakini anapashwa kutoa sababu mbele ya batu. Weye uko na sababu?"

Nilitazama mlango tuliotokea.

"Kama uko nayo, useme leo, miye nitaondoka na Fanta yangu na sitakasirika. Lakini MaNgcobo akiniuliza tena habari ya hii nyumba, nitamutafsiria yote. Hata kile kikombe."

Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza kituo cha taxi. Hakupandisha sauti. Na mimi nilisimama pale nikipima. Nikisema sababu, wale sita wanaisikia, kanisa linaisikia, ofisi inaisikia, na Mama Aline anatolewa kwenye chumba na jina lake linaandikwa la mwongo. Watoto wanatoka nje na mabegi yao ya shule. Nikisema sababu, ingebidi pia niseme nitawapeleka wapi, na mimi nina nusu ya kitanda.

Nina mashine pia, nikakumbuka.

Hapo, kwenye korido, ningeweza kusema nitaiuza. Ningeweza kusema leo hii napiga simu Uvira, natafuta chumba, namwoa, kodi ikatwe. Mwanaume mwingine angesema. Nimekaa na jambo hili tangu saa tisa mchana na sijapata njia ya kuliandika likapendeza. Niliiwaza mashine, nikasema, "Sina sababu."

Shida ya Shemasi ni kwamba si mtu mbaya. Ningelala vizuri zaidi angekuwa mlevi.

Tulirudi ndani. Mama Aline aliitwa. Aliingia na kitenge kipya, kichwa chini, Aline nyuma yake akimshikia pindo. Mzee Sylvestre alimwuliza mara tatu, kama inavyotakiwa, barua hii tuipokee au turudi nayo. Mara ya kwanza na ya pili alinyamaza, kama inavyotakiwa pia. Mara ya tatu aliinua uso akanitazama mimi.

"Kaka yangu akiipokea, miye nimeipokea."

Nilitafuta machoni mwake kitu cha kunizuia. Nilitafuta sana. Nilikuta subira tu, ile ya mtu anayengoja mgeni amalize chai yake aondoke.

Nikanyoosha mikono miwili.

Baada ya vigelegele na Fanta, Shemasi alisogeza kiti karibu nami. Sasa aliruhusiwa kusema. Aliniuliza mbele ya wote, kwa unyenyekevu wa kweli, nimfundishe habari za dada yangu, maana yeye hataki kukosea. Anapenda nini, anakataa nini, analala vizuri?

Nilimjibu. Sijui kwa nini nilimjibu vizuri vile. Nilimwambia hali mayai. Nilimwambia chai yake ni tangawizi nyingi, sukari kidogo, na akinyamaza asimchokoze mpaka yeye mwenyewe awe wa kwanza kuongea. Nilimwambia analala upande wa mlango ili awasikie watoto. Nilimwambia kuna siku anaongea ndotoni, vita inamrudia, asimwamshe, amshike mkono tu mpaka ipite.

Nilijua nimepitiliza.

"Kaka anayemujua dada yake namna hii," akasema Mzee Sylvestre, akitikisa kichwa, "ni baraka ya kweli." Mama mwenye kilemba akafuta machozi. Shemasi alinishika bega. "Aksanti," akasema, na alimaanisha.

Walipoanza kuaga nilimfuata Mama Aline kwenye jiko la pamoja. Alikuwa anaosha glasi.

"Alikutisha?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Anajua yote. Anaweza kukukatia kodi."

"Najua kama anajua. Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, mwezi wa sita. Aliniuliza kama ninataka kuwa bibi ya mutu muchana pia."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema nitamungoja mutu fulani mpaka mwezi wa munane."

Nilianza kusema kuhusu kodi, kuhusu watoto, kuhusu mambo kukaa sawa. Maneno yale yale. Aliyaacha yapite, akaifuta glasi ya mwisho, akaigeuza juu ya kitambaa.

"Désiré. Shemasi alileta barua. Weye ulileta muswaki."

Hakusema kwa hasira. Ningependa iwe hasira. Aliinama akatoa chini ya sinki mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani yake kulikuwa na mkanda wangu, wembe, shati la bluu, na mswaki. Alikuwa ameufunga kabla wageni hawajafika, kabla sijapokea chochote, wakati mimi nikiwa njiani na suti ya kuazima nikifikiria mchango wa paa.

Kisha akaniomba jambo moja. Kesho asubuhi anakwenda ofisini kwa MaNgcobo kurudisha chumba mwenyewe. Hataki kungoja akatwe. Hataki kuingia nyumba ya mtu na uongo begani. Kwenye faili kuna karatasi inayotaka sahihi ya mtu wa familia, shahidi kwamba anaondoka kwa hiari yake, anakwenda kuolewa. Na kwenye faili lile familia yake yote hapa Durban ni mtu mmoja.

"Hutaki kuwa na uongo," nikamwambia, "na unataka niweke sahihi kama kaka?"

"Ni uongo wa mwisho," akasema. "Ule wa kwanza ulikuwa wako. Huu unipatie miye."

Nilisema nitakuja.

Mtaka yote hukosa yote. Mama yangu alikuwa akiniimbia msemo huo nikigombania nyama sahanini, na mimi nilidhani unahusu nyama.

Nilishuka ngazi na mfuko wangu mkononi, suti ikinibana kwapani. Bahati alinifuata mpaka chini. Alikuwa amekunywa Fanta mbili, mdomo wa rangi ya chungwa, furaha tupu. Aliniuliza kama kule Cato Manor kuna mbwa. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama nitakuja kulala huko pia. Nikamwambia hapana, mimi nina kwangu. Alifikiria kidogo. Pale mlangoni hapakuwa na jirani, hapakuwa na Shemasi, hapakuwa na mtu yeyote wa kumwogopa. Nilisimama nikangoja. Nakiri nilingoja. Nilitaka alikosee lile neno mara moja tu.

"Kwaheri, mjomba," akasema.

Kisha akanyoosha kiganja.

Niliingiza mikono kwenye mifuko ya suti isiyo yangu. Mifuko yote ilikuwa mitupu. Alingoja muda mrefu kidogo kuliko kawaida, mkono ukiwa bado umenyooka, halafu akaurudisha taratibu akapanda ngazi.

Sasa ni saa moja jioni. Mwenzangu wa kitanda anavaa sare yake ya ulinzi, ananiuliza harusi ilikuwaje, maana ameiona suti. Nimemwambia ilikwenda vizuri.

Kesho saa tatu niko ofisini kwa MaNgcobo, nitaweka sahihi. Shemasi atakuwepo kutafsiri. Lakini kabla ya hapo nitapita dukani ninunue biskuti, maana watoto watakuwa wamekuja na mama yao, na yule mdogo ananidai biskuti ya lile neno alilolisema bila kosa.